Nani Ameshika Njia ya Filamu?

Diski ya VCD huchukua dakika 74, na ikibanwa sana hufika 80. Baada ya hapo imejaa. Kiwango cha VCD kiliwekwa mwaka 1993 na kampuni kubwa za vifaa vya elektroniki, Philips na Sony zikiwemo, na hakuna aliyekaa kwenye meza ile akiifikiria Tanzania. Hata hivyo ndicho kilichozipa filamu za Kibongo umbo lake kwa miaka mingi.

Msikilizaji aliyekuwa na deki na televisheni nyumbani katikati ya miaka ya 2000 atakumbuka vizuri. Unanunua filamu Kariakoo, au unaikodi laibrari ya mtaani, unaitia ndani. Familia imekaa, watoto wamenyamazishwa. Stelingi anagundua kwamba mkewe amemficha jambo zito, anashika kitasa cha mlango, na hapo hapo maandishi yanapanda: usikose sehemu ya pili. Hadithi ya saa mbili ilikuwa haiingii kwenye diski moja, basi ikakatwa. Wauzaji nao wakaona kwamba vipande viwili vinauzwa mara mbili, na kwamba aliyeonja cha kwanza hawezi kulala bila cha pili.

Baadaye DVD ikaenea, yenye nafasi ya kumeza filamu nzima na kubaki na akiba. Mkato haukuondoka. Hadithi zilikuwa zimeshazoea kutungwa hivyo, na biashara ilikuwa imeshazoea kulipwa hivyo. Ndiyo maana katika filamu nyingi za wakati ule gari linaingia getini taratibu, mlinzi anafunga geti, mtu anashuka, anatembea hadi mlangoni, anabisha hodi, anangoja. Dakika zilipaswa kujazwa. Watazamaji wakawashutumu waongozaji kwa uvivu na uhaba wa ubunifu, na shutuma hiyo ilikuwa na haki nusu. Nusu nyingine ilipaswa kuelekezwa dukani.

Hilo ndilo la kuzungumza leo. Mazungumzo mengi kuhusu filamu za Tanzania huanzia kwa waigizaji na kuishia kwao: nani anajua kulia, nani amelewa sifa, nani kagombana na nani. Lakini filamu hupita kwenye mikono mingi kabla ya kufika machoni mwa mtu, na ukiitazama historia yake hapa nchini utaona jambo moja likijirudia katika kila kizazi. Aliyeshika njia ya kumfikia mtazamaji ndiye aliyeamua filamu iwe ndefu au fupi, ya kuchekesha au ya kutisha, ya lugha gani, na yenye sura ya nani mbele.

Soko la filamu za video halikuanza na diski. Televisheni ilichelewa kufika Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994, ITV ilipoingia hewani. Vituo vilihitaji kitu cha kurusha, na vikundi vya maigizo vilihitaji pa kuonekana. Kaole Sanaa Group ikawa shule ya kizazi kizima: Vincent Kigosi anayejulikana kama Ray, Blandina Chagula anayejulikana kama Johari, na kijana kutoka Shinyanga, Steven Kanumba. Watu walizijua sura zao kabla hata hazijauzwa dukani. Wakati huohuo kanda za Nigeria zilikuwa zikiingia kwa wingi. Kule Lagos mfanyabiashara Kenneth Nnebue alikuwa ameuonyesha ulimwengu, kwa Living in Bondage ya mwaka 1992, kwamba filamu inaweza kutengenezwa kwa kamera ya video, ikauzwa moja kwa moja sokoni na kulipa gharama zake bila kupita kwenye jumba la sinema hata moja. Dar es Salaam iliisoma habari hiyo vizuri. Mwaka 2003 ikaja Girlfriend, kazi ya George Tyson na Sultan Tamba, iliyowaweka wanamuziki wa Bongo Fleva mbele ya kamera. Mussa Banzi naye alikuwa akienda njia yake ya kutisha, akichota kwenye hadithi za majini na mizimu na kutoa kazi kama Nsyuka na Shumileta. Kulikuwa na soko, na kulikuwa na njaa.

Mnyororo wenyewe ulikuwa mfupi. Mtayarishaji alipata fedha alikozipata: akiba yake, mkopo wa ndugu, au malipo ya awali kutoka kwa msambazaji. Nyumba ya kupigia picha iliazimwa kwa rafiki mwenye sebule nzuri, Mbezi au Sinza. Waigizaji walikuja na nguo zao. Siku za kupiga picha zilihesabika kwa wiki, wala si kwa miezi, maana kila siku iliyozidi ilikuwa na chakula cha kulipia, petroli na kamera ya kukodi. Uhariri ukikamilika, mtayarishaji alibeba masta mkononi na kwenda Kariakoo kumwona msambazaji.

Hapo ndipo mambo yalipoamuliwa. Wasambazaji walikuwa wachache, na kwa miaka kadhaa Steps Entertainment ilikuwa kubwa kuliko wenzake. Pilipili Entertainment ni jina jingine ambalo wapenzi wa filamu walilizoea kulisoma kwenye kava. Utaratibu uliotawala ulikuwa wa kununua kazi kwa malipo ya mara moja. Mtayarishaji anakabidhi masta, anapokea fungu lake, anasaini. Kuanzia hapo gharama za kudurufu, kuchapa kava na kusafirisha mikoani ni za msambazaji, na faida yote itakayopatikana, iwe leo au baada ya miaka 10, ni yake pia. Ni haki kusema kwamba msambazaji alibeba hatari ya kweli: filamu iliyokataliwa na wateja ilimwachia maboksi ghalani, na hakuna aliyekwenda kumfuta machozi. Bila ghala lake, malori yake na madeni aliyowakubalia wauzaji wa Mwanza, Mbeya na Kigoma, filamu zile zisingevuka hata daraja la Mto Ruvu. Lakini malipo ya mara moja yana matokeo yake kwenye sanaa. Mtu anayelipwa kiasi kilekile filamu ikivuma au isipovuma ana sababu moja tu ya msingi, nayo ni kumaliza haraka na kuanza nyingine.

Msambazaji naye hakuwa na muda wa kutazama kila kazi mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa: nani yumo? Kava ndiyo iliyouza. Mteja alisimama mbele ya meza ya machinga kwa sekunde chache, macho yakapita juu ya diski kadhaa, na sura anayoijua ikamvuta mkono. Kwa hiyo wapo wasanii waliolipwa kuonekana katika mandhari mbili tatu, kisha picha yao ikatandazwa mbele ya kava kana kwamba hadithi nzima ni yao. Chipukizi aliyebeba filamu mabegani alipata nafasi ndogo ya picha pale chini kwenye kona. Majina ya Kiingereza nayo yalitoka hukohuko: Uncle JJ, Family Tears, Devil Kingdom. Ndani watu wanazungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, nje jina ni la kigeni, kwa sababu diski hiyo ilipangwa meza moja na za Nigeria na Marekani na ilitakiwa ionekane ya hadhi ileile.

Matangazo ya kulipia yalikuwa machache. Kazi hiyo ilifanywa na magazeti ya udaku. Ijumaa, Risasi, Uwazi na mengine ya nyumba ya Global Publishers yaliwafuata mastaa harusini, msibani, ufukweni na kituo cha polisi. Habari ya nani kaachana na nani ilitoka Jumatano, na filamu ya mhusika ilikuwa dukani Ijumaa. Waigizaji walilalamika, mara nyingi kwa uchungu wa haki, lakini mfumo wenyewe haukuwapa njia nyingine ya kutajwa. Katika hesabu iliyojengwa juu ya sura, sura isiyosemwa inashuka bei.

Hakuna aliyelielewa hilo kuliko Kanumba. Mwaka 2006 alitoka katika Dar to Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria, na baadaye akaigiza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Hakuwa akitafuta sifa tu. Kila mwigizaji wa Nigeria aliyesimama naye kwenye kava alifungua meza nyingine ya sokoni, na alikuwa akijenga kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film, ili asibaki mwigizaji wa kuitwa. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Watu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga, na anayetaka kujua filamu hizi ziliingia kwa kina gani majumbani mwa watu atazame picha za siku ile. Umati ule ulijengwa na diski moja moja, sebule kwa sebule, tangu Kigoma mpaka Mtwara, na nje ya mipaka, Bujumbura na Bukavu.

Si wote waliokuwa na sebule yenye televisheni. Manzese, Tandale, Mbagala na katika miji midogo yote njiani kulikuwa na vibanda vya video, ambavyo wengi huviita vibanda umiza. Mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, ubao nje wenye ratiba iliyoandikwa kwa chaki, na kiingilio ambacho hata mbeba mizigo alikimudu. Kiwango cha elimu ya lugha za kigeni kilikuwa kizuizi kwa filamu za Hong Kong, India na Marekani, na kizuizi hicho kikazaa sanaa ambayo haijapewa heshima yake.

Mtu mmoja alikaa na maikrofoni karibu na televisheni na kuisimulia filamu kwa Kiswahili wakati inaendelea. Jina kubwa kuliko yote Dar es Salaam lilikuwa Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala. Hakutafsiri maneno pekee. Aliwapa wahusika majina yanayoshikika, alieleza kwa nini mtu anakasirika, alikumbusha kilichotokea nusu saa iliyopita, alichomekea habari za mtaani na maonyo ya kizazi chake. Mahali filamu ilipokaa kimya, yeye hakunyamaza. Masimulizi yake yalirekodiwa juu ya kanda, kanda zikauzwa na kukodishwa, na watu wakawa wanauliza dukani kama filamu hiyo ipo ya Lufufu. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings ameandika kwa kirefu kuhusu wasimuliaji hawa na kuonyesha jinsi Karishika, filamu ya Nigeria, ilivyogeuka kazi nyingine kabisa baada ya kupita kwenye sauti ya Kiswahili.

Tanzania haikuwa peke yake. Uganda wapo maviijei, VJ Jingo akiwa miongoni mwa waliovuma, wanaosimulia kwa Kiganda. Rwanda filamu zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda huitwa agasobanuye na zina soko lake kamili. Kenya, DJ Afro amejikusanyia wafuasi wengi kwa kusimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani. Kisheria kazi hiyo imesimama mahali pagumu, kwa sababu mwenye filamu hakuombwa ruhusa wala hakulipwa. Hilo halipaswi kufichwa. Lakini kwa upande wa hadhira, wasimuliaji walifanya kile ambacho kampuni kubwa za Hollywood na Mumbai hazikujishughulisha nacho, nacho ni kumtambua mtazamaji wa Tandale au wa Katwe mjini Kampala kama mtu anayestahili kuelewa.

Sauti juu ya picha ina historia ndefu zaidi hapa kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Walitoa filamu 35, fupi zote, zikihusu kodi, kuweka akiba posta, safura, utunzaji wa ngozi. Filamu zilikuwa za milimita 16 na sauti yake ilipigwa kwa santuri, jambo lililowezesha picha moja kupewa maelezo ya Kiswahili hapa na ya lugha nyingine kule. Lori lenye mtambo wa umeme lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi kusini huko Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Njia ilikuwa ni lori la mradi, basi filamu ikawa ni ya kufundisha, fupi, na isiyomuuliza mtazamaji anataka nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, na stelingi wake alikuwa kijana mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Aliigiza katika Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Taifa limemkumbuka Kawawa kwa mengi, na hili la kuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa filamu za Kiswahili linastahili kutajwa zaidi kuliko linavyotajwa.

Mijini, njia ilikuwa nyingine kabisa. Zanzibar, mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alikuwa akiwaonyesha watu filamu mapema katika karne iliyopita, na mwaka 1921 lilifunguliwa jumba la Royal lililochorwa na John Sinclair, ambalo baada ya kuungua lilijengwa upya kwa jina la Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress na Odeon. Arusha ilikuwa na Metropole. Wenye majumba walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia, wengi wao wenyeji wa miji hiyo kwa vizazi, na waliijua hadhira yao kwa majina. Ndio walioagiza filamu za India, na Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ikaimbwa na watu wasiojua Kihindi hata neno moja. Jumapili Zanzibar ilikuwa siku ya familia nzima kuvaa na kwenda sinema. Tiketi zikiisha walanguzi walikuwa nje. Filamu moja ilipopangwa majumba mawili usiku mmoja, kijana wa baiskeli alipokea gurudumu la kwanza la filamu likiwa la moto bado kutoka mtambo wa huku na kulikimbiza kwenye mtambo wa kule, kisha akarudi kuchukua la pili. Profesa Laura Fair amekusanya kumbukumbu za aina hiyo katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, na anayevutiwa na historia ya miji yetu akitafute.

Majumba hayo yalikufa kwa hatua. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Mwaka 1971 majengo mengi yalitaifishwa. Uagizaji wa filamu ukawekwa chini ya umma wakati fedha za kigeni zikizidi kuadimika. Kampuni ya umma ilitoa kazi zake, Fimbo ya Mnyonge ikiwa mojawapo, lakini hazikuwa nyingi kiasi cha kujaza viti kila wiki. Kisha deki za VHS zikaingia, na mwenye deki hakuwa na sababu ya kupanga foleni. Sinema ya magari ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, nayo ilifungwa, na kwenye kiwanja chake leo umesimama ubalozi wa Marekani. Kizazi cha Kanumba kilipokuja na hadithi zake, hapakuwa na jumba la kuzionyeshea. Ilikuwapo Kariakoo tu.

Na Kariakoo ilikuwa na ugonjwa wake. Filamu ilitoka asubuhi, jioni ilikwisha kudurufiwa. Kilomita zaidi ya elfu moja kaskazini-magharibi, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alilijibu tatizo hilohilo kwa namna yake. Alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, bunduki zikiwa za mabomba na vyuma chakavu, na waigizaji wenyewe walitembea nyumba kwa nyumba wakiuza diski kabla maharamia hawajaamka. Trela yake ikasambaa YouTube duniani kote. Mafanikio hayo yalimpatia wageni na mashabiki wa mbali, lakini mbinu ya kuuza ilibaki ya miguu.

Tanzania ilijaribu njia ya serikali. Mwaka 2013 stika za Mamlaka ya Mapato zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki ili halali ijulikane na haramu ikamatwe. Stika ilisaidia kiasi, lakini haikuweza kubandikwa kwenye faili linalohamishwa kwa flashi au simu, na wakati huohuo watu walikuwa wakihamia huko. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Muvi waliandamana Kariakoo, wakiungwa mkono na mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, wakitaka filamu za nje zinazouzwa kiholela ziondolewe. Hasira ya wasanii ilikuwa ya kweli. Kazi za nje zilizodurufiwa bila malipo kwa mtu yeyote zilikuwa zikishindana nao kwa bei ambayo hawangeweza kuishusha zaidi. Wananchi wengi, hata hivyo, waliwajibu vikali kwamba hawawezi kulazimishwa kutazama. Kilichokosekana katika mabishano yale ni mtu wa kusema kwamba diski yenyewe ilikuwa imeshafika mwisho, ya ndani na ya nje.

Njia iliyofuata ilikuwa king'amuzi. Azam TV ilianza mwishoni mwa 2013 na baadaye ikaweka chaneli ya Sinema Zetu. MultiChoice ikaleta Maisha Magic Bongo. Na umbo likabadilika tena, kwa kasi ya kushangaza. Kituo cha televisheni kinahitaji mtu arudi kesho saa ileile, basi kinachonunuliwa ni tamthilia: vipindi vingi, vifupi, kila kimoja kikiisha na ndoano. Leah Mwendamseke, maarufu kama Lamata, aliyekuwa akiongoza filamu za diski, ndiye aliyefahamika kwa kizazi kipya kwa Jua Kali. Kazi ya tamthilia imewapa waigizaji kitu ambacho diski haikuwapa, ajira ya miezi mfululizo, na imewapa mafundi wa taa, sauti na mapambo nafasi ya kukomaa. Sauti inasikika sasa. Mwanga wa usiku unafanana na usiku. Lakini filamu ya saa moja na nusu, inayosimama yenyewe na kumalizika, imesukumwa pembeni, na waandishi wanaozitaka hadithi za namna hiyo wanajikuta wakizirefusha ili zilipike.

YouTube ina amri zake. Huko hakuna msambazaji wa kukukataa, na kijana wa Morogoro mwenye simu nzuri anaweza kuweka kazi yake leo na kutazamwa Muscat kesho. Malipo yanategemea matangazo na muda ambao watu hukaa wakitazama, na kwa hiyo wengi wamekimbilia vichekesho na visa vifupi vya mapenzi na vya wakwe, kipindi kwa kipindi, kila kimoja kikiwa na picha ya mbele yenye nyuso zilizotumbua macho. Ile kava ya Kariakoo imepata mrithi.

Ipo pia njia ya matamasha. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likifanyika tangu 1998, kitovu chake kikiwa Ngome Kongwe, na kwa miaka mingi limepeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba, jambo ambalo pengine ni jema kuliko zulia jekundu lake lote. Hapo ndipo T-Junction ya Amil Shivji ilipofungua tamasha la 2017. Filamu yake iliyofuata, Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, ikiwa ni ya pili kupelekwa baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyopelekwa mwaka 2001. Ni kazi nzuri, yenye subira ya picha ambayo meza ya machinga isingeivumilia. Fedha za filamu za aina hii hutoka kwa wafadhili na mifuko ya nje, na hadhira yake ya kwanza hukaa Ulaya na Amerika Kaskazini. Msomaji wa Adam Shafi aliyeko Wete au Tabora, aliyeisoma riwaya hiyo shuleni, hana jumba la kuiona. Majumba ya kisasa ya sinema yamejikusanya kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam, kama lile la Mlimani City, na kiingilio chake si cha mbeba mizigo.

Ndiyo maana swali la mikataba ni zito kuliko linavyoonekana. Mtayarishaji wa leo anayekwenda kituo cha televisheni au kwenye programu ya kutazama mtandaoni anaweza kudai mambo ambayo mwenzake wa 2006 hakujua kuyadai: haki ziuzwe kwa miaka iliyotajwa, kwa nchi zilizotajwa, kwa njia iliyotajwa, na nyingine zote zibaki kwake. Haki ya kurusha kwenye king'amuzi Tanzania si haki ya kuweka YouTube, wala si haki ya kuonyesha kwenye basi la Arusha, wala si ya kuuza Kinshasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi nguvu hiyo. Kinachomnyang'anya ni haraka ya kupata fungu la kwanza.

Kuna jambo la zamani la kushughulikiwa pia. Sheria hiyo inazilinda kazi za picha na sauti kwa miaka 50, kwa hiyo filamu iliyotoka 2003 itaendelea kuwa na mwenyewe hadi 2053. Sehemu kubwa ya filamu za enzi ya diski leo zinaonekana mtandaoni katika nakala hafifu, zilizokatwa, zenye nembo ya mtu asiyehusika, wakati vituo vinatafuta vipindi vya kujaza saa 24. Kazi nyingi za wakati ule zilipigwa kwa kanda ndogo za DV, na kanda hizo huharibika kwa unyevu, hasa Pwani. Watayarishaji ambao bado wana kanda zao ndani ya kabati wanahitaji kwanza kuutafuta mkataba waliousaini na kuusoma kifungu kwa kifungu, kisha kutafuta deki ya DV inayofanya kazi. Kuhamisha hakuna njia ya mkato: saa moja ya kanda huchukua saa moja kuingia kwenye kompyuta.